Maji, Sabuni na Hewa: Funzo la Machi 2020

Mwezi wa Machi 2020, wakati majira ya kuchipua yalipokuwa yakianza Ulaya na Marekani, na masika yakianza Afrika Mashariki, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi ya UVIKO-19 yamekuwa janga la dunia nzima. Hiyo ilikuwa tarehe 11. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13, na Tanzania tarehe 16. Baada ya siku chache tu shule zilikuwa zimefungwa katika nchi zote mbili.

Maisha ya kila siku yalibadilika upesi. Ndoo za maji zenye koki ziliwekwa mbele ya maduka, benki na vituo vya mabasi. Salamu ya kupeana mikono iliachwa, na watu wakagusana viwiko au miguu. Nchini Kenya matatu ya abiria 14 iliamriwa kuchukua 8 tu, na jijini Dar es Salaam daladala zikakatazwa kusimamisha abiria. Je, ndoo ile iliyowekwa mlangoni ilikuwa na kazi gani hasa, na kazi hiyo iliishia wapi?

Kazi ya sabuni

Kirusi kinacholeta UVIKO-19 ni kidogo mno: kipenyo chake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ndani yake umo uzi wa kemikali ya urithi iitwayo RNA. Kwa nje kimezungukwa na utando wa mafuta, na katika utando huo zimechomoza protini mfano wa miiba. Kwa miiba hiyo kirusi hujishikiza kwenye seli za mwili na kuingia ndani.

Maji peke yake hayapatani na mafuta. Molekuli ya sabuni, hata hivyo, ina kichwa kinachopenda maji, na mkia unaoyakimbia maji na kupenda mafuta. Mtu anapojipaka sabuni, mikia hiyo hujipenyeza katika utando wa kirusi mpaka ukapasuka. Vipande vyake huzingirwa na molekuli za sabuni, kisha maji huvichukua. Kirusi kilichopasuka hakiwezi tena kuambukiza. Kwa kuwa ngozi ina mikunjo mingi, kazi hii yahitaji msuguano na muda. Ndiyo maana watu walishauriwa kunawa kwa sekunde 20. Wala haikulazimu sabuni iwe ya bei ghali: kipande cha sabuni ya mche kilitosha.

Kwaya ya Mount Vernon

Tarehe 10 Machi 2020, katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani, wanakwaya 61 walikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Dawa ya kutakasa mikono iliwekwa mlangoni, na watu hawakukumbatiana wala kushikana mikono. Hata hivyo, watu 53 kati yao waliugua, na wawili wakafariki.

Mikono yao ilikuwa safi. Hatari ilikuwa katika hewa. Mtu anaposema, na zaidi anapoimba, hutoa matone ya ukubwa mbalimbali. Yale makubwa huanguka karibu. Yale madogo sana huelea kama moshi, na katika chumba kisichopitisha hewa huweza kukaa kwa muda mrefu na kujilimbikiza. Mwishoni mwa Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa bado likisema kwamba maradhi haya hayaenezwi kwa hewa. Ushahidi uliokusanywa baadaye ulionyesha kwamba hewa ya ndani ni njia kubwa ya maambukizo, na shirika hilo likabadili maelezo yake.

Kwa hiyo abiria aliyenawa vizuri kituoni, kisha akaketi katika daladala iliyofungwa madirisha kwa sababu ya mvua, alikuwa amejikinga nusu tu. Kwa upande wa hewa, mama lishe aliyefanya kazi chini ya mwembe alikuwa na nafuu kuliko karani aliyekaa pamoja na wenzake katika ofisi iliyofungwa. Haifuati kwamba ndoo ilikuwa ya bure: kunawa mikono hukinga pia kipindupindu, homa ya matumbo na maradhi mengine ya kuhara. Ila kinga ya mkono si kinga ya pumzi.

Majaribio mawili darasani

Kwanza, tieni maji nusu chupa na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, kisha mtikise. Mafuta yatarudi juu. Ongezeni sabuni iliyoyeyushwa, mtikise tena, na mtazame tofauti.

Pili, fukizeni kipande kidogo cha udi katika pembe moja ya darasa lililofungwa madirisha. Pimeni kwa saa muda ambao moshi huchukua kutoweka. Rudieni jaribio hilo madirisha ya pande zote mbili yakiwa wazi. Wanafunzi waandike nyakati hizo mbili na kuzilinganisha, kisha wajadili mahali panapofaa pa kuketi mwanafunzi mwenye kikohozi, na madirisha yapi ya darasa lao hayafunguki na yahitaji kutengenezwa.