Umefika Lubumbashi: uliza mbele ya kulipa

Ndugu msomaji, kama umepita siku moja fasi bisi za Likasi na Kolwezi zinasimama, umekwisha kuwaona. Baba anashusha godoro. Mama anahesabu masafuria, kisha anahesabu watoto. Nyanya ameshika kuku mkononi. Wote wanaangalia barabara huku na huku, hawajui waende wapi. Na mara moja mtu anawakaribia mbio: "Baba, munatafuta nyumba? Miye niko nayo."

Pengine kesho itakuwa zamu yako. Kampuni imekuhamisha, ao mtoto amekubaliwa ku univerisite, ao kazi imekwisha kule ulikuwa. Lubumbashi ni mji mkubwa, tena ni mji mzuri. Lakini mgeni asiyeuliza anaona kuta na matumizi tu.

Miye nilikuja toka Likasi mwisho wa mwaka 2008. Mwaka ule bei ya shaba ilianguka katika dunia yote, kampuni nyingi za Katanga zikasimamisha kazi, na yangu ikaisha vilevile. Nilikuwa na bibi yangu, watoto watatu, na feza ya garanti imefungwa mu kitambaa. Komisioneri mmoja akanionyesha nyumba yenye robine mu lupango. Nikauliza: "Mwenye nyumba iko wapi?" Akajibu: "Eko ku safari, miye njo namusimamia." Nikalipa. Kesho yake tulifika na vyombo vyetu, tukamkuta mwenye nyumba wa kweli. Hakuwa safarini hata kidogo, tena hakumjua mtu yule.

Usiku ule tulilala kwenye baraza ya mama jirani. Alitupa maji ya kuoga, akatupikia bukari na sombe, na asubuhi akatupeleka kwa shefu wa kartie. Feza yetu hatukuiona tena. Lakini mama yule alitufundisha namna ya kuingia mu mji, na ile njo nataka kukupa leo.

Kwanza watu, kisha nyumba

Usilipe nyumba siku ya kwanza. Omba kulala kwa ndugu ao kwa mtu wa kijiji chenu juma moja ao mbili, hata kama mutabanana. Wakati huo uliza. Nenda kwa shefu wa kartie, ujijulishe. Nenda ku parokia ao ku kanisa lenu, useme: "Tuko wageni, tunatoka fasi fulani." Mu shirika kuna watu wanaojua kila lupango na kila mwenye nyumba.

Ukiona nyumba, uliza majirani wawili ao watatu ni ya nani. Lipa mbele ya mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya mashahidi, na karatasi iandikwe. Ujue tena kwamba sheria ya inchi yetu ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 inakataza garanti ya nyumba ya kukaa kupita miezi mitatu. Wengi wanaomba zaidi, sababu mgeni hajui.

Jua komini yako

Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910, wakati reli iliyotoka kusini ilipofika hapa. Wabeleji waliuita Élisabethville, kwa jina la malkia wao. Jina la Lubumbashi, ambalo ni jina la mto, lilikuja mwaka 1966. Leo mji una komini saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Ukisikia mtu anasema "naenda ku Kenya", usishangae, hapande ndege! Anaenda ku komini, pengine kununua samaki.

Ofisi nyingi na maduka makubwa viko mu komini ya Lubumbashi. Kamalondo, Kenya na Katuba ni cité za zamani, watu wanakaa karibu karibu na kila kitu kinapatikana kwa miguu. Annexe inazunguka mji. Huko mara nyingi nyumba ni ya bei ndogo, lakini hesabu vizuri feza ya bisi ya baba na ya watoto kila siku ya mwezi. Nyumba ya bei ndogo iliyo mbali na kazi inaweza kukutoshea feza kupita nyumba ya bei kubwa.

Na ukipotea? Inua macho utafute shemine ndefu ya Gécamines, pamoja na kilima cheusi cha taka za shaba. Kiwanda kile kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Waonyeshe watoto shemine siku ya kwanza, uwaambie nyumba yenu iko upande gani wake.

Maji, umeme na soko

Mbele ya kukubali nyumba, usiulize tu: "Robine iko?" Uliza: "Maji inatoka siku gani, saa gani?" Kuna kartie maji ya Regideso inakuja usiku tu, na kuna kartie watu wanachota ku foraji ya jirani. Vilevile umeme wa SNEL unakatika mara nyingi. Weka makala kidogo ndani ya nyumba, na bidoni zenye kufunikwa. Kipindupindu kimekwisha kupiga mji huu mara nyingi, basi maji ya kunywa uichemshe ao utie dawa, hata kama inaonekana safi.

Soko ya Kenya ni kubwa, na mama wa nyumba atapata pale unga, mboga, samaki na nguo. Siku ya kwanza usinunue haraka. Simama, angalia namna wengine wanapimiwa, sikia bei ya watu watatu. Feza usiiweke fasi moja.

Tena ukija mwezi wa sita ao wa saba, leta mablanketi. Mji uko juu, karibu metre 1.200 kupita bahari, na baridi ya kipwa inashangaza wageni wanaotoka fasi za joto.

Masomo na matunzo

Tangu mwezi wa kenda 2019 serikali ilianzisha masomo ya bure ku shule za msingi za serikali, na zile za makanisa zinazopatana na serikali ziko ndani. Lakini nafasi zinajaa. Leta karatasi zote za mtoto: cheti cha kuzaliwa, bileti ya mwaka uliopita, karatasi ya chanjo. Wazazi wengi wanaziacha kwa nyanya kijijini, mtoto anapoteza mwaka.

Kwa ugonjwa, jua kituo cha afya cha kartie yako mbele mtu hajagonjwa. Pale watakutuma ku hospitali kubwa, kama vile Jason Sendwe, ikiwa inaomba. Mama mwenye mimba ajiandikishe juma la kwanza. Usingoje uchungu uanze usiku, na weye hujui hata njia.

Siku ya Mungu, tokeni pamoja

Hapa njo wageni wengi wanakosa. Wanafunga mlango sababu wanaogopa mji, ao sababu wanafikiri kila kitu kizuri ni cha matajiri. Baba na mama, kisha sala vaeni viatu mutembee!

Katikati ya mji kuna Musée National, iliyoanzishwa mwaka 1946, karibu na jengo la teatre. Ndani mutaona misalaba ya shaba ambayo mababu walitumia kama feza, zamani mbele wazungu hawajafika. Mtoto wa mchimbaji akiona kitu kile, anajua kwamba shaba ilikuwa kazi ya mababu zake, tena waliijua vizuri. Kuna pia zoo, fasi jamaa nyingi zinapeleka watoto siku ya Mungu.

Na mpira? Ukikaa hapa watakuuliza: Mazembe ao Lupopo? Ekipe zote mbili zilizaliwa mwaka 1939. Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenediktini, Lupopo ni ya watu wa reli. Mazembe imekamata kikombe cha mabingwa wa Afrika mara tano, na mwaka 2010 ilikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la makilabu. Chagua upande wako, lakini usigombane na jirani sababu ya mpira. Kesho utamwomba maji.

Weye kijana

Kijana, kwako mji una hatari ingine: upweke. Mu kijiji kila mtu alijua jina lako. Hapa wa kwanza kukuita jina anaweza kuwa yule wa ku baa, ao yule anayekuambia: "Acha masomo, twende tuchimbe, tutapata feza leo." Usingoje marafiki wakuchague. Chagua weye. Juma la kwanza ingia mu kwaya, mu skauti ao mu ekipe ya kartie. Ukipenda vitabu, kuna maktaba ku Halle de l'Étoile. Ukipenda ufundi, uliza habari za Cité des Jeunes ya Wasalesiani, mapadri waliofika mu mji huu mwaka 1911 na ambao mpaka leo wanafundisha vijana kazi ya mikono.

Ndugu msomaji, mama yule wa baraza amekwisha kuzeeka. Kila mwaka mpya tunamletea unga na kitenge. Siku moja nilimuuliza kwa nini alitufungulia mlango usiku ule, na hakutujua. Akacheka: "Miye pia nilifika hapa na godoro ku kichwa. Mutu moja alinipa maji."

Kama uko mgeni, uliza mbele ya kulipa. Na kama umekwisha kuwa mwenyeji, angalia vizuri barabara ya kwenu jioni hii. Pengine kuna baba mwenye godoro pale, na komisioneri anamkaribia. Fika weye wa kwanza.

Ya kuzungumza mu jamaa:
1. Siku tulipofika hapa, nani alitupokea? Tumekwisha kumshukuru?
2. Mu kartie yetu, mgeni wa mwisho ni nani? Tunajua jina lake?
3. Siku ya Mungu inayokuja, tutapeleka watoto wapi?