Kothbiro: Kutoka Bendi ya Roki hadi Filamu ya Kibera

Mtunzi wa muziki wa filamu aliyesomea noti huipima kila picha kwa sekunde, kisha akawaandikia wapigaji wa okestra sehemu zao. Mwanamuziki wa roki akipewa kazi hiyohiyo huanzia pengine. Hukaa studioni na gitaa, picha zikapita mbele yake, naye akapiga, akarekodi, akaongeza sauti juu ya sauti mpaka filamu ipate mlio wake. Kwa filamu ya Dead Man ya mwaka 1995, Neil Young alipiga gitaa la umeme huku akiitazama, akibuni papo hapo. Silaha kubwa ya mtu wa roki ni kipande kifupi cha muziki kinachorudiwarudiwa bila kuchosha. Kipande cha namna hiyo huacha nafasi: mwigizaji anasikika, na hata kimya kinasikika.

Nairobi ina hadithi yake katika jambo hili, na kiini chake ni mtu mmoja. Out of Africa, filamu ya 1985 iliyopigwa nchini Kenya, ilipata Oscar ya muziki kupitia John Barry, Mwingereza aliyejulikana kwanza kwa bendi ya rock and roll aliyoianzisha mwaka 1957. Kati ya waigizaji wa filamu hiyo alikuwamo kijana Mkenya, Job Seda. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ayub Ogada.

Kabla ya kuigiza, Ogada alipitia Black Savage, bendi ya vijana wa Nairobi ya miaka ya 1970 iliyochanganya roki, soul na funk. Humo ndimo ulimotoka wimbo Kothbiro, ambao watunzi wake wametajwa kuwa James Mbarack Achieng na Ogada. Maana ya jina lake kwa Kidholuo ni “mvua inakuja”, na ujumbe wake ni wa nyumbani kabisa: mvua imekaribia, ng’ombe warudishwe.

Mwaka 1986 Ogada alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anapigia abiria wa treni za chini ya ardhi jijini London. Nyatiti ni ala yenye nyuzi nane. Mpigaji wa jadi huketi chini, akavaa njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ambayo huigonga kwenye fremu ya ala. Hivyo mtu mmoja anakuwa mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji, na nyuzi zenyewe huzunguka katika kipande kifupi kinachorudi na kurudi, kama gitaa la roki linavyofanya. Ndiyo maana Kothbiro ilipovuliwa vyombo vya umeme haikupungukiwa. Ilibaki na uti wake wa mgongo.

Aliyeufungulia wimbo huo milango ya dunia naye alikuwa mtu wa roki na wa filamu. Peter Gabriel, mwimbaji wa zamani wa bendi ya Genesis, alitunga muziki wa filamu ya Birdy na wa The Last Temptation of Christ, filamu ya Martin Scorsese ya 1988. Muziki wa filamu hiyo ya pili, ambao Youssou N’Dour na Baaba Maal wa Senegal walishiriki, ulitoka mwaka 1989 ukiitwa Passion, ukawa albamu ya kwanza ya lebo ya Gabriel, Real World. Lebo hiyohiyo ilitoa albamu ya Ogada, En Mana Kuoyo, mwaka 1993, Kothbiro ikiwamo.

Ndipo ikaja The Constant Gardener ya mwaka 2005. Mwelekezi Fernando Meirelles kutoka Brazil alipiga sehemu ya filamu hiyo katika mtaa wenyewe wa Kibera, Nairobi. Muziki wake ulitungwa na Mhispania Alberto Iglesias, lakini albamu ya filamu inazo pia nyimbo mbili za Ogada, Kothbiro na Dicholo. Iglesias aliteuliwa kuwania Oscar, na alistahili. Hata hivyo, wimbo ambao watu wengi walitoka nao sinema ni ule uliozaliwa katika bendi ya Nairobi karibu miaka 30 nyuma. Oscar yenyewe ilichukuliwa kwa muziki wa Brokeback Mountain na Gustavo Santaolalla, mpiga gitaa aliyeanzia katika bendi ya roki ya Argentina, Arco Iris.

Kwa mtazamaji wa London au Chicago, sauti ya Ogada ilikuwa huzuni isiyo na maneno. Huko Kibera, upande wa Olympic pamoja na Gatwekera na Kisumu Ndogo, ambako wasemaji wa Kidholuo ni wengi, maneno yanaeleweka. Wanaofahamu maana yake wanasikia onyo la mvua, jambo zito panapoishi watu chini ya mabati kando ya mitaro.

Mwaka 2018, rekodi ya Kothbiro ya Black Savage ilichukuliwa na Kanye West katika wimbo Yikes, na majina ya Achieng na Ogada yakaandikwa miongoni mwa watunzi wake. Ogada alifariki Februari 2019, akiwa amekwisha kurudi kuishi upande wa Kisumu.