Mkunga na dawa: tusimcheleweshe kwa kungoja daktari

Familia nyingi za Pwani siku hizi zina binti aliyeolewa au aliyepata kazi bara, na Kitengela ni mmoja wa miji wanakopanga nyumba. Binti huyo akishika mimba, mamake yuko Mombasa au Lamu, na kila simu ina swali moja: "Daktari amekuona?" Mara nyingi jibu ni kwamba aliyemwona ni mkunga, na dawa amepewa na huyo huyo mkunga. Hapo nyumba nzima huingiwa na wasiwasi. Je, mkunga ana ruhusa?

Tutenganishe mambo mawili: kumpa mama dawa pale pale, na kumwandikia cheti akanunue.

La kwanza halina utata. Mkunga aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya amefunzwa kutoa dawa za kuokoa maisha. Mtoto akishatoka, mama hudungwa oksitosini yuniti 10 ili nyumba ya uzazi ikaze na damu isimwagike. Presha ikipanda na dalili za kifafa cha mimba zikaonekana, dawa yake ni magnesiamu salfeti. Mama anayevuja damu hana muda wa kungoja daktari atafutwe. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba damu ikipimwa mapema na matibabu yakatolewa yote kwa pamoja, hatari ya mama kuvuja damu vibaya, kupasuliwa tumbo kwa sababu yake au kufa hupungua kwa asilimia 60. Wengi waliofanya kazi hiyo kitandani mwa mama walikuwa wakunga.

La pili ndilo lenye mkanganyiko. Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, ni ya tangu enzi za ukoloni na ilimtazama daktari kama ndiye mwandishi wa dawa. Matabibu, yaani maafisa wa kliniki, walipata sheria yao mpya mwaka 2017. Uingereza, kanuni za mwaka 2012 zinataja dawa ambazo mkunga anaweza kutoa bila cheti cha daktari. Sisi nasi twahitaji orodha iliyo wazi kama hiyo ndani ya sheria, ili mkunga asifanye kazi kwa hofu.

Tazama Kajiado yenyewe. Kaunti hiyo ina zaidi ya kilomita mraba 21,000, ilhali Mombasa yote haifiki 300. Kitengela iko kando ya barabara kuu ya Namanga, na gari hupatikana. Lakini ndani huko kwenye manyatta, zahanati mara nyingi husimamiwa na muuguzi mmoja. Ukimwambia asiguse dawa mpaka daktari aje kutoka mjini, umemhukumu mama.

Hata hivyo ruhusa isiwe holela. Oksitosini hiyo hiyo, ikitiwa kwenye dripu kuharakisha uchungu bila mama na mtoto kuchunguzwa, yaweza kupasua nyumba ya uzazi. Jamaa wasimshinikize mkunga "aongeze uchungu" kwa kuwa wamechoka kungoja.

Basi binti akikaribia siku zake, muulizeni mambo matatu. Je, kituo kina oksitosini, na huhifadhiwa ndani ya friji, kati ya nyuzi 2 na 8? Umeme ukipotea, friji inategemea nini? Na kila dawa aliyopewa imeandikwa kwenye kitabu chake cha kliniki? Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hiyo jibu likiwa hapana, mwakilishi wa wadi ana la kujibu.

Mkunga mwenye ujuzi, lakini kabati lake tupu, hawezi kumwokoa mtu. Allah awajaalie mama zetu wajifungue salama.