Mteja wa chuo kikuu ni kaya nzima

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vimeanza kumhesabu mwanafunzi wa kigeni kuwa chanzo cha mapato, na si kosa. Ruzuku ya serikali haitoshi, vyuo binafsi kwa kawaida havina ruzuku, na ada ya mtu aliyevuka mpaka haingoji mkopo wa bodi. Lakini ada ni sehemu tu ya fedha anazokuja nazo. Nyingine huishia nje ya lango la chuo: kwa mwenye hosteli, mama ntilie, bodaboda, wakala wa pesa, duka la dawa, na akiwa na mtoto, kwa yaya na shule ya chekechea. Hoja ya makala haya ni kwamba biashara hii haitakua ikiwa vyuo vitaendelea kuuza kiti darasani na kuuachia mtaa mengine yote. Anayenunua elimu ya nchi jirani mara nyingi si kijana mmoja bali ni kaya: wazazi na ndugu wanaochanga ada, au mume na mke wanaopima kama mmoja wao anaweza kurudi masomoni bila nyumba kuyumba. Nchi itakayoihudumia kaya hiyo ndiyo itakayolivuna soko. Uganda, iliyotangulia katika biashara hii, inaonyesha faida zake na mapengo yake kwa pamoja.

Kuvuka mpaka kufuata masomo si jambo jipya kwetu. Kati ya 1963 na 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawa fani kwa makusudi: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Ulikuwa mpango wa serikali, na malazi na chakula vilikuwa sehemu yake. Mpango huo ulikufa pamoja na chuo chenyewe, na kilichoshika nafasi yake miongo miwili baadaye kilikuwa soko. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilianza Mbale mwaka 1988, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kikafuata Mukono mwaka 1997, na mwaka 2001 ikaja Kampala International University pale Kansanga, ambayo baadaye ilifungua kampasi yenye kitivo cha udaktari Ishaka, wilayani Bushenyi. Makerere yenyewe, iliyoasisiwa mwaka 1922, ilianza kupokea wanaojilipia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakenya waliokosa nafasi kwao, Watanzania, Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo na Warundi wakaitikia. Safari hii, hata hivyo, walichouziwa ni masomo peke yake. Pa kulala, pa kula na pa kutibiwa walijitafutia.

Pengo hilo lilizaa biashara nyingine. Mabweni ya Makerere hayakuongezeka sambamba na idadi ya wanafunzi, na wenye mitaji wakajenga hosteli Wandegeya, Kikoni na Nakulabye. Ukiitazama hosteli ya Kikoni kwa karibu unaona biashara iliyokomaa: chumba hukodishwa kwa muhula, kishika nafasi hulipwa kabla masomo hayajaanza, na ndani ya kodi hesabu mlinzi, maji, jenereta, na pengine basi dogo la kuwapeleka wapangaji chuoni na kuwarudisha. Lakini mteja anayefikiriwa ni kijana asiye na mwenza wala mtoto, mwenye ndugu mjini wa kwenda kukikagua chumba kabla fedha hazijatoka. Anayetoka Bujumbura au Juba hana ndugu huyo. Hutuma kishika nafasi kwa kuamini picha alizotumiwa kwenye simu. Mwanafunzi wa uzamili aliyekuja na mtoto hana hata bahati hiyo, kwa kuwa hosteli haikujengwa kwa ajili ya familia. Huangukia mikononi mwa dalali, akapanga nyumba ya vyumba viwili mbali na chuo, kodi ya miezi kadhaa ikitakiwa mbele. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha kodi, lakini mgeni ambaye hakuna aliyemweleza sheria hiyo atawezaje kuidai?

Fedha nazo hupungua zikiwa njiani. Mzazi aliyeko Mombasa akituma kwa simu, kuna ada ya kutuma, kuna tofauti ya kubadilisha shilingi ya Kenya kuwa ya Uganda, halafu kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 kwa kila kiasi kinachotolewa kwa wakala, iliyobaki baada ya ile ya asilimia 1 ya mwaka 2018 kulalamikiwa sana. Mwenye nyumba akitaka shilingi 1,000,000 taslimu, shilingi 5,000 zimekwenda kwa kodi hiyo peke yake, kabla wakala hajachukua chake. Bando la intaneti nalo limebeba kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Upande wa afya, Uganda ilifuta malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001, na chanjo za watoto ni bure. Bima ya afya ya taifa, hata hivyo, ilipitishwa na Bunge mwaka 2021 na haikutiwa saini kuwa sheria. Zahanati ya chuo kwa kawaida humtibu mwanafunzi. Mtoto wake akipandwa na homa usiku, mzazi atafute hospitali binafsi na fedha mkononi. Kila moja ya gharama hizi ni ndogo. Zikijumlishwa, ndizo zinazoamua kama mke ataruhusiwa na hali kumaliza shahada au ataikatiza safari katikati.

Anayedhani kaya si mteja halisi aziangalie familia za Sudan Kusini. Kwa miaka mingi, nyingi kati yake zimepanga nyumba Kampala au Arua ili mama akae na watoto wasome, huku baba akibaki kazini Juba. Kaya kama hiyo hununua chekechea, msingi, sekondari, na hatimaye nafasi ya chuo kikuu, katika mji uleule. Haikuchagua Uganda kwa sababu ya kitivo kimoja; ilichagua mahali ambapo watoto wote wanaweza kuishi na kusoma kwa usalama. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Hizo ni nchi tatu ambazo vita vimewafundisha wazazi kutafuta shule nje ya mipaka. Soko la kaya, basi, linapanuka mbele ya macho yetu.

Jumuiya yenyewe imefanya kazi ya maana, ila imeishia langoni. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010, na chini yake mwanafunzi wa nchi mwanachama anastahili kupata kibali cha masomo bila malipo. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walilitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, chini ya uratibu wa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao Kampala, ili shahada na alama zitambulike nchi hadi nchi. Yote hayo yanamhusu mwanafunzi kama mwenye cheti. Hayasemi atalala wapi, wala mtoto wake atasoma wapi.

Mitaji imekwisha kuonyesha kwamba huduma hizi zinalipa. Nairobi, kampuni ya Acorn ilitoa mwaka 2019 hati fungani ya kijani ya kujenga nyumba za wanafunzi, na hati hiyo ikaorodheshwa katika masoko ya hisa ya Nairobi na London. Wawekezaji wakubwa hawaweki fedha mahali pasipo na wapangaji. Lakini hapo pia bidhaa ni kitanda na dawati la kijana mmoja, na familia bado inasubiri atakayeijengea. Kwa upande mwingine, Uingereza imetupa somo la nini hutokea kaya inapofungiwa mlango. Tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa uzamili hawaruhusiwi kuja na wenza na watoto. Ndani ya mwaka huo viza za wategemezi zilishuka kwa zaidi ya asilimia 80, na zile za wanafunzi wenyewe nazo zikapungua, ingawa wao hawakuzuiwa. Serikali ile ilitaka kupunguza wahamiaji na ilipata ilichotaka. Kwa anayetaka wanafunzi, funzo ni kinyume chake: ukimkataa mtoto, unampoteza na mama yake mwenye ada.

Wapo watakaosema vyuo vitengeneze kwanza masomo, maabara na utambuzi wa shahada, mambo ya yaya yaje baadaye. Hoja hiyo ina uzito: daktari ambaye baraza la kwao halitambui shahada yake amepoteza miaka na mali ya ukoo. Ila mambo haya mawili hayashindani. Mwanafunzi aliyehamahama vyumba vitatu katika mwaka mmoja, au anayekosa mihadhara kwa kukosa wa kumwachia mtoto, hawezi kufaidi maabara hata iwe nzuri kiasi gani. Huduma ni sehemu ya ubora, na zinastahili kukaguliwa pamoja na mitaala.

Wengine wanahofia wageni kupandisha kodi za nyumba na kujaza shule na hospitali za wenyeji. Hofu hii isipuuzwe, hasa katika mji mdogo. Ishaka, iliyoko kwenye barabara ya kutoka Mbarara kwenda Kasese, haiwezi kupokea mamia ya wapangaji bila bei kusogea. Lakini Uganda ilipofunga vyuo vyake kwa UVIKO-19, mwaka 2020 na tena 2021, miji ya namna hiyo ilionja upande wa pili: vyumba vitupu na meza za mama ntilie bila walaji. Kinachopandisha kodi ni wapangaji kuongezeka bila nyumba kuongezeka, na dawa yake ni kujenga. Kuhusu mzigo kwa huduma za umma, kampuni ya London Economics ilikadiria kwamba wanafunzi wa kigeni walioanza masomo Uingereza mwaka wa 2021/22 waliiletea nchi hiyo faida ya pauni bilioni 41.9, dhidi ya gharama za bilioni 4.4 zilizohesabu pia huduma kwa wategemezi wao. Sisi si Uingereza, na ada zetu ni ndogo mno kulinganisha. Njia ile ya kuhesabu pande zote mbili ndiyo ya kuigwa, kwa sababu bila hesabu hakuna meya anayeweza kujibu hofu za wapiga kura wake.

Pingamizi gumu zaidi ni la fedha: kaya nyingi za ukanda huu hazina uwezo, kwa hiyo nani atalipia? Sehemu kubwa ya linalohitajika ni utaratibu kuliko majengo. Chuo kinaweza kukagua hosteli na nyumba za familia zilizo jirani, kikachapisha orodha yenye kodi na masharti, na kishika nafasi kikapitia ofisi yake badala ya mfuko wa dalali. Kinaweza kujadiliana na kampuni ya bima ili kadi ya mwanafunzi imfikie mwenza na mtoto kwa nyongeza ya wazi. Kinaweza kukubali ada kwa awamu zinazofuata mishahara ya wazazi. Halmashauri inaweza kutenga kiwanja kwa atakayejenga nyumba za vyumba viwili karibu na chuo, na serikali inaweza kuondoa kodi ya kutoa pesa kwa malipo ya ada na malazi. Ada za wageni zenyewe zigharimie kazi hii: kila chuo kitangaze ni sehemu gani ya ada hiyo inayotumika kwa makazi, afya na watoto wa wanafunzi. Mzazi wa Goma au Mogadishu anayelinganisha vyuo vitatu ataisoma namba hiyo kwa makini kuliko picha za mahafali, na ataupeleka ukoo wake palipo na jibu.