Prosesa Gani Itaonyesha Ukungu wa Ngorongoro?

Ukungu wa asubuhi kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro huumbua video dhaifu. Weupe wake haukatiki ghafla. Unafifia kidogo kidogo kutoka kijivu cha msitu hadi mwanga wa anga. Video ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi, hivyo mfifio mrefu wa namna hiyo hugawanyika katika mapande yenye kingo zinazoonekana, mithili ya matuta ya shamba la mlimani. Video ya biti 10 ina ngazi 1,024, na ukungu hubaki ukungu. Filamu nyingi za wanyamapori za ubora wa 4K siku hizi hutolewa kwa biti 10, na hapo ndipo mwenye kompyuta ya zamani pale Karatu, mji ulio jirani na kreta, anapokwama: sauti inaendelea, picha inaganda, feni inavuma.

Dukani ataambiwa prosesa yake haina nguvu, apande kutoka i5 kwenda i7. Ushauri huo humla mtu fedha bila kumtibu. Kwa kompyuta ya kutazamia filamu sebuleni, jina la i5 au i7 halina uzito mkubwa, na gigahezi vilevile. Swali la kuuliza ni moja: chipu hii inaweza kufungua video za aina gani bila kuzisumbua kori zake, yaani sehemu zake za hesabu za jumla?

Jambo hili lina maana ya pekee kwa watu wa huku. Ni sehemu chache za Afrika zilizorekodiwa kama Ngorongoro na Serengeti. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipiga filamu yao ya Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950. Michael alifariki kwa ajali ya ndege Januari 1959 akazikwa ukingoni mwa kreta, na mwaka 1960 filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar. Mwaka 2022 ikatoka The Royal Tour, Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe akiwa mwongoza wageni. Vijana wengi wa Karatu wanaishi kwa kuendesha magari ya watalii na kuhudumu hotelini. Wanastahili kuiona kreta yao nyumbani kwa ubora uleule anaouona mtu aliyeko Berlin.

Tuanze na kazi yenyewe. Picha moja ya Full HD ina pikseli 2,073,600. Zikipita picha 25 kila sekunde bila kubanwa, hizo ni takriban biti bilioni 1.24 kwa sekunde. Hakuna flashi ya kawaida wala bando litakalohimili mzigo huo. Kwa hiyo video hubanwa. Picha hukatwa vipande vya mraba, na badala ya kuchora kila kipande upya, faili husema tu: kipande hiki ni kile cha picha iliyopita, kimesogea kulia kidogo. Nyumbu aliyepiga hatua mbili hatumwi mzima mara ya pili. Hutumwa mwelekeo wake na tofauti ndogo iliyobaki.

Kanuni ya kubana na kufungua video huitwa kodeki. Kodeki ya H.264, iliyokamilika mwaka 2003, hukata picha kwa miraba ya pikseli 16 kwa 16. HEVC ya mwaka 2013 inafika 64 kwa 64, na AV1 ya mwaka 2018 inafika 128 kwa 128. Anga tupu huchukuliwa kwa mraba mmoja mkubwa. Nyasi zinazopepea, vumbi nyuma ya kundi la pundamilia, au flamingo wanaoruka kwa pamoja kutoka Ziwa Magadi lililo ndani ya kreta, hivyo vyote hulazimisha miraba midogo sana, kila mmoja na mwelekeo wake. HEVC ilibuniwa kwa lengo la kutoa ubora wa H.264 kwa nusu ya data. Filamu inayokula GB 2.25 kwa saa inaweza kushuka hadi karibu GB 1.1, na anayenunua bando kwa simu anajua hiyo ni shilingi ngapi. Lakini akiba hiyo hulipiwa kwa hesabu nyingi zaidi upande wa mtazamaji.

Hesabu hizo zinaweza kufanywa na kori za prosesa, ambazo hufanya kila kazi na kwa hiyo hutumia umeme mwingi kwa hii. Au zinaweza kufanywa na king'amuzi cha video kilichochongwa ndani ya chipu, saketi ndogo isiyojua kazi nyingine. King'amuzi hicho hufungua 4K huku kori zikikaribia kulala. Kasoro yake ni kwamba kinajua kodeki kilizopewa kiwandani tu. Huwezi kukifundisha mpya kwa kupakua programu.

Ndiyo maana kizazi cha chipu kina uzito kuliko jina lake. Kwa upande wa Intel, kizazi cha 4 cha mwaka 2013 kinaimudu H.264, lakini HEVC hukisukumia kwenye kori. Kizazi cha 6 cha mwaka 2015 kinafungua HEVC ya biti 8. Kizazi cha 7, kilichofika kwenye kompyuta za mezani Januari 2017, kinafungua HEVC ya biti 10 pamoja na VP9 inayotumiwa na YouTube. AV1 ilianza na chipu nyingi za kizazi cha 11. Kwa AMD, Ryzen zenye herufi G za mwaka 2018 na kuendelea zinamudu HEVC ya biti 10 na VP9, ila AV1 ilichelewa hadi mwaka 2022. Kwa hiyo i3 ya kizazi cha 7 itaonyesha ule ukungu kwa utulivu huku i7 ya kizazi cha 4, yenye jina kubwa, ikihema.

Kizazi husomwa kwenye namba yenyewe: i5-7500T ni kizazi cha 7, i5-10400 ni cha 10. Herufi ya mwisho nayo isomwe. T ni chipu inayotumia umeme kidogo. F haina sehemu ya picha kabisa; bila kununua kadi nyingine, runinga yako haitapata kitu.

Mnunuzi wa sasa ana bahati. Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele, isipokuwa chipu chache. Mashine za kizazi cha 7 zimekuwa mzigo kwa ofisi zilizokuwa zikizitumia, nazo huishia kwenye soko la mtumba: zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre ndogo zinazotosha kukaa nyuma ya runinga. Kwa filamu bado zina miaka mbele yake. Iwekee Linux, uongeze programu ya kuchezea filamu kama Kodi au VLC, mambo yanakwenda.

Kwa vijiji vya ndani ya hifadhi vinavyotegemea sola, ningeshauri tofauti. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, na ili idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Kompyuta kuukuu inayofungua HEVC kwa kori ikila wati 100, pamoja na runinga ya wati 60, unapata saa tatu na dakika 45. Kompyuta ndogo ya Intel N100, chipu ya mwaka 2023 iliyopangiwa wati 6, huonyesha filamu kwa wati zisizofika 20 mashine nzima. Betri ileile sasa inakupa saa saba na nusu, kabla ya kutoa kinachopotea kwenye inveta. Na N100 inafungua AV1 pia. Bei ya kuinunua yaweza kuizidi ile ya mtumba, ila ukijumlisha betri na paneli ambazo hutalazimika kuongeza, ndiyo nafuu.

Kuna jambo la hewa ambalo wauzaji hawalitaji. Karatu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta karibu mita 2,300. Kule ukingoni hewa ina takriban asilimia 80 ya msongamano wa hewa ya pwani. Feni huzunguka vilevile, lakini kila mzunguko hubeba hewa pungufu na joto pungufu. Baridi ya usiku hufidia sehemu ya upungufu huo. Vumbi jekundu la kiangazi halifidiwi na chochote: hujaza mapezi ya kipoza hadi chipu ijipunguzie kasi yenyewe. Usiiweke mashine sakafuni. Isafishe kwa brashi laini, ukiishika feni isizunguke.

Usilipie 4K kwa mazoea. Kwenye runinga ya inchi 43, jicho zima likiwa zaidi ya mita 1.7 halitenganishi tena pikseli za Full HD. Ukikaa mita tatu, biti 10 zitakufaa kuliko hizo pikseli za ziada, mradi runinga nayo izikubali. Kagua pia tundu la HDMI, kwani mashine nyingi za ofisi zina DisplayPort tu na utahitaji adapta.

Nenda dukani na flashi yenye kipande cha HEVC cha biti 10. Mwombe muuzaji akicheze, kisha afungue Task Manager. Mstari wa Video Decode ukipanda na CPU ikabaki chini, lipa. CPU ikiruka hadi asilimia 100, rudisha mashine mezani hata kama imeandikwa i7.