Mshipi Wenye Matundu Tisa

Nilikuwa nimempelekea fundi wa viatu hapa Nyamarambe kiatu kilichobanduka soli. Nikikaa kwenye kigoda chake kungoja, macho yakanasa mshipi uliotundikwa kwenye msumari. Ulitoka dukani na matundu matano. Manne mengine yalipigwa kwa mkono: mawili upande wa nje, kuelekea ncha, na mawili upande wa ndani, karibu na bizimu. Kwenye tundu la nje kabisa ngozi ilikuwa imekunjika na kuwa nyeusi, mkunjo wa miaka. Yale ya ndani yalikuwa mapya, kingo zake bado zina weupe wa ngozi mbichi.

"Huo ni wa mtu wa sukari," mzee akasema bila kuinua kichwa.

Nikadhani ni mkulima wa miwa. Huku Mugirango Kusini, neno hilo hukupeleka shambani kwanza. Akacheka, akasema ni ugonjwa wa sukari, kisha akanifundisha kusoma mshipi.

Mwanamume, anasema, hunenepa kwa adabu. Mwaka huu tundu moja nje, baada ya miaka miwili lingine. Halalamiki, kitambi kwetu bado kina heshima yake. Siku moja anarudi akitaka tundu la ndani, na kabla ya mwezi kwisha anataka la pili, wala hajaanza kulima wala kufunga. Kiu haikatiki, usiku haja ndogo haimpi usingizi. "Lakini kabla ya hapo," mzee akaongeza, sauti ikishuka, "alikuwa ameshanunua mizizi ya nguvu siku ya soko. Nyumbani mambo yalilala kitambo."

Mpangilio huo ndio ulioninyima raha: kitambi, chumba cha kulala, kisha sukari. Nilipokwenda kusoma nikakuta watafiti wamekuwa wakizunguka duara lile lile. Mafuta ya tumboni hugeuza sehemu ya testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni. Homoni ikipungua, misuli hupungua na mafuta huongezeka. Na misuli ndiyo mteja mkubwa wa sukari mwilini. Sukari nayo, ikikaa juu muda mrefu, huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, ikiwemo ile ambayo muuza mizizi anaahidi kuiamsha. Nani alianza? Hapo hata wataalamu hawasemi kwa sauti moja.

Niliporudi kumsimulia, mzee alifurahishwa na habari ya utafiti wa Australia. Huko waliwachukua wanaume 1,007 wa miaka 50 hadi 74, na sharti mojawapo la kuingia lilikuwa kiuno cha sentimita 95 au zaidi. ("Unaona? Walianza na mshipi!") Wote walisaidiwa kupunguza uzito, nusu wakachomwa testosteroni, nusu sindano tupu. Matokeo yakachapishwa 2021: baada ya miaka miwili, asilimia 12 ya waliopata homoni walikuwa na kisukari, dhidi ya 21 ya wenzao. Lakini kwa baadhi ya waliopata homoni damu ilikuwa nzito kupita kiasi. Kisha mwaka 2024 utafiti wa Marekani, wa homoni peke yake bila mpango wa kupunguza uzito, haukuona kinga yoyote.

Sikuweza kumwambia, basi, kwamba sindano ni dawa. Nilimwambia tu kwamba kupima sukari ni tone la damu kidoleni, na kwamba mume ambaye nguvu zimemwishia angefanya vyema kupita hospitalini kabla ya sokoni.

"Nimwambieje?" akaniuliza. "Mtu mzima ameleta mshipi. Mimi fundi wa viatu nimuulize habari za kitandani kwake?"

Sikuwa na jibu. Akafika mwanamume mmoja, akafungua mshipi wake hapo hapo huku suruali ameishika kwa mkono mmoja, akataka tundu. Mzee akachukua nyundo na msumari, akanitupia jicho.

"Nje ama ndani?"