Hedifoni za mbao zataka mwenyewe mwangalifu

Katika nyumba nyingi za mijini sauti ni kitu cha kugawana, na aghalabu ni kitu cha kugombea. Baba ametoka zamu ya usiku anataka kulala, vijana wanataka muziki, na jirani yuko nyuma ya ukuta wa tofali moja. Ndiyo maana vipokea sauti vya kuvaa kichwani, ambavyo wengi wetu huviita hedifoni, vimekuwa vyombo vya kawaida kama redio ilivyokuwa zamani.

Hata hivyo, ipo jamii moja ya hedifoni isiyo ya kawaida hata kidogo. Hizo ni zile ambazo vikombe vya masikio vimechongwa kwa mbao, na ambazo bei yake yaweza kufika dola 2,000 za Marekani au kupita. Anayezinunua, au anayeletewa na nduguye aliye ng'ambo, hana budi kufahamu kwamba vitu vitatu vimeingia nyumbani mwake kwa pamoja: kipande cha mti, kazi ya umeme, na dhamana ya masikio yake. Akikipuuza kimoja, fedha yake imepotea.

ZILIKOTOKA

Mwaka 1989 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa hedifoni zilizoitwa MDR-R10. Vikombe vyake vilichongwa katika mti wa zelkova, ambao Wajapani huuita keyaki, uliokuwa na umri wa karne mbili. Kiwambo chake, yaani ile ngozi nyembamba inayotetemeka na kutoa sauti, kilitengenezwa kwa selulosi inayotokana na bakteria. Bei yake ilikuwa dola 2,500, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Utengenezaji wake umekwisha koma, lakini zilizobaki hununuliwa kwa bei kubwa kuliko ile ya dukani.

Wengine walifuata njia hiyo. Mwaka 2012 Fostex, nayo ya Japani, ilileta TH900, ambayo mbao zake hupakwa urushi, laka ya utomvu wa mti ambayo mafundi wa nchi hiyo wameitumia kwa karne nyingi kupambia bakuli na masanduku. Huko Brooklyn, Marekani, ipo kampuni ya Grado, iliyoanzishwa na Joseph Grado mwaka 1953 na kubaki mikononi mwa ukoo. Hedifoni zake za RS1 za awali zilikuwa na vikombe vya mahogani. Nchini Romania kampuni ya Meze ilitoa 99 Classics mwaka 2015, zenye vikombe vya mbao za mjozi, kwa bei iliyo chini sana ya hizo za Japani.

MTI UNAFANYA KAZI GANI?

Yafaa tuulize swali hili kabla ya kutoa fedha. Kiwambo kinapotetemeka hutoa sauti mbele na nyuma. Sauti ya mbele huenda sikioni. Ile ya nyuma huingia ndani ya kikombe. Kikombe kikiwa chepesi na chembamba, nacho huanza kutetemeka, kikaongeza mlio wake juu ya muziki. Mbao nzito zilizokauka vizuri hutuliza mtetemo huo haraka.

Lakini muuzaji asikudanganye kwamba jina la mti ndilo kila kitu. Kiwambo chenyewe, umbo la kikombe, na mito inayogusa sikio vina nguvu kubwa zaidi juu ya sauti utakayoisikia. Mti mzuri uliofungwa kiwambo duni ni sanduku zuri lisilo na kitu ndani. Kwa hiyo sikiliza kwanza, kisha tazama.

UMEME: NGUVU KIASI GANI?

Watu wengi hudhani kwamba hedifoni ghali zahitaji umeme mwingi. La hasha. Chukua hedifoni ambazo milliwati moja, yaani sehemu moja ya elfu ya wati, huzifanya zitoe sauti ya desibeli 100. TH900 ni za namna hiyo. Kusikiliza kwa desibeli 85 hutumia kama 0.03 ya milliwati tu. Hata ngoma inapopigwa kwa kishindo na sauti kuruka hadi desibeli 105, milliwati 3 na kidogo zatosha. Kanuni ni hii: kila desibeli 3 unazoongeza zataka nguvu maradufu, na kila desibeli 10 zataka nguvu mara kumi.

Kama ni hivyo, kwa nini watu hununua kikuza sauti, yaani amplifaya, cha peke yake? Jibu liko katika ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu. TH900 zina omu 25. Baadhi ya hedifoni za mbao zinazotengenezwa na kampuni ya ZMF ya Chicago zina omu 300. Ili kupata milliwati moja, zile za omu 25 zataka volti 0.16, ilhali za omu 300 zataka volti 0.55. Simu nyingi hutoa volti moja au pungufu. Basi zile za omu 300 zaweza kukosa pumzi pale muziki unapopanda, na sauti ikakwaruza.

Zenye omu chache nazo zina masharti yao. Hizo huvuta mkondo mkubwa zaidi wa umeme, na zataka chombo ambacho ukinzani wake wa kutolea sauti ni mdogo. Mafundi wengi hutumia kipimo cha moja ya nane: hedifoni za omu 25 zifungwe kwenye chombo chenye omu 3 au chini ya hapo. Usipofuata hivyo, mara nyingi besi hulegea na sauti ikabadilika, nawe ukazilaumu hedifoni bure.

Kuna hatari nyingine inayowahusu hasa wanaoletewa vyombo kutoka ng'ambo. Umeme wa majumbani nchini Japani ni wa volti 100, na wa Marekani ni volti 120. Wetu ni wa volti 230 au 240. Kikuza sauti kilichotengenezewa soko la Japani tu, kikichomekwa moja kwa moja katika soketi yetu, kitaungua. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuwasha. Kama hakitaji volti zetu, tumia transfoma ya kupunguza umeme. Tena umeme unapokatika, chomoa vyombo vyako, kwani unaporudi huweza kurudi kwa kishindo. Na kila unapotaka kuvaa hedifoni, rudisha sauti chini kwanza, chomeka, ndipo upandishe polepole.

MBAO HAZISAHAU MSITU

Msomaji aliyekulia pwani anajua mlango wa mbao unavyogoma kufungika wakati wa masika, na unavyolegea kiangazi. Mti hata ukichongwa na kupakwa laka haujaacha kunywa na kutoa unyevu. Hutanuka na kusinyaa zaidi kwa upana wa nyuzi zake kuliko kwa urefu, na mabadiliko yakiwa ya ghafula, hupasuka. Hata mpingo wetu, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini na ambao watengenezaji wa klarineti wa Ulaya huutafuta, huweza kupata ufa.

Kwa sababu hiyo, usiziache hedifoni za mbao ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala dirishani, wala mbele ya mdomo wa kiyoyozi. Unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 40 na 60 ndio unaopendekezwa kwa ala za muziki za mbao, na hedifoni ni ndugu zake. Katika miji ya pwani unyevu mara nyingi hupita hapo. Ziweke ndani ya sanduku lake pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu, na usizifungie kwa miezi bila kuzipa hewa, kwani kuvu hupenda giza na joto.

Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Kuhusu mafuta, tazama kwanza namna mbao zilivyomaliziwa. Mbao zilizopakwa mafuta tu zaweza kuongezewa mafuta ya mbao kidogo sana, kwa kitambaa, mbali na kiwambo na mito. Zilizopakwa vanishi au laka hazihitaji mafuta yoyote, wala spiriti. Urushi huogopa zaidi mwanga mkali wa jua, ambao huifubaza. Ukiona ufa mdogo kama unywele, mpelekee fundi mapema. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mito ya masikio ndiyo huchakaa kwanza, kwa jasho na mafuta ya nywele. Ikibonyea, sikio husogea karibu na kiwambo na sauti hubadilika, hata kama mbao bado zinang'aa. Mito ya sponji huweza kuoshwa kwa mkono katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, ikakaushwa kivulini. Ya ngozi ifutwe tu. Waya nao uvutwe kwa kushika plagi, usivutwe kwa mwili wake. TH900 za awali zilikuwa na waya usiotoka, lakini toleo lake la pili lina waya wa kuchomoa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana dukani, kwa kuwa waya wa kuchomoa ukikatika hununuliwa mwingine, nao usiochomoka hukupeleka kwa fundi. Meze waliziunda 99 Classics ili kila sehemu iweze kufunguliwa na kubadilishwa. Sifa hiyo yastahili kulipiwa.

KISICHO NA KIPURI

Tumesema juu ya mito, waya na mbao. Vyote hivyo vina badala yake. Ndani ya kila sikio la mwanadamu kuna chembe kama 15,000 zenye vinyweleo vya kupokea sauti, nazo zikifa haziotI tena. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma kwa sauti ya desibeli 80. Ikifika desibeli 90, saa hizo hupungua hadi 4 tu kwa juma zima. Shirika hilo linakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni moja duniani wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa mazoea ya kusikiliza kwa sauti ya juu.

Hapa ndipo hedifoni nzuri zaweza kuwa mtego. Sauti ya hedifoni duni hukwaruza ikipandishwa, na mtu huipunguza kwa kero. Hedifoni nzuri zenye kikuza sauti chenye nguvu hazikwaruzi. Hupanda taratibu, tamu vilevile, mpaka madhara yaingie bila maumivu. Ukizivua ukasikia mlio masikioni, au sauti za watu zikawa kama zimefunikwa blanketi, umekwisha pita mpaka. Pumzika, na kesho anza chini zaidi.

Kwa watoto kipimo ni kidogo zaidi, desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Mzazi asimkabidhi mtoto hedifoni zilizofungwa kwenye kikuza sauti na kuondoka. Aidha, zile zenye vikombe vilivyozibwa humtenga mvaaji na nyumba nzima: hasikii mlango ukibishwa wala mgonjwa akiita. Tenga saa ya kusikiliza, waambie wenzio nyumbani, na mmoja wao awe macho kwa ajili ya mlango na wagonjwa.

Basi, msomaji, unapoulizia bei, uliza pia mambo manne: zina omu ngapi, mito na waya vinapatikana, mbao zimepakwa nini, na je, chombo ulicho nacho kinazitosha. Muuzaji asiyeweza kukujibu, mwachie mbao zake.